Kupeleka Posa Mitwero kwa Pikipiki Isiyotakiwa Kusikika

Tangu nirudi kutoka kusini, kila ninayekutana naye pale kwenye kahawa ananiuliza swali lilelile: "Mussa, imekuwaje?" Nikianza kueleza anafika mwingine, naanza upya, na kikombe kinapoa mkononi. Nimechoka. Nimekaa chini nimeandika yote. Someni wenyewe, na mkimaliza mniache ninywe kahawa yangu.

Kwa asiyejua habari yenyewe ni hivi. Mdogo wangu Shabani, yule anayetengeneza mafriji Kilwa Masoko, amempenda mwanamke wa Mitwero, pale unapokaribia kuingia Lindi mjini. Anaitwa Somoe. Ni mjane, na tangu mumewe afariki zilishakuja posa mbili nyumbani kwao, zote zikavunjika baada ya mtaa mzima kujua. Jibu halijatoka, majirani wameshaanza kuulizana rangi ya sare. Maneno yakazidi, wanaume wale wakaingia mitini, na Somoe akabaki kunyooshewa kidole kila akienda bombani kuchota maji.

Kwa hiyo baba yake, Mzee Chande, aliposikia kuna posa ya tatu na kwamba mshenga ni mimi, alinipigia simu akanipa sharti. Nilidhani atagusia mahari.

"Mwanangu Mussa," alisema, "njoo Jumamosi asubuhi, kama mtu aliyekuja kuulizia mikeka. Lakini ule mdude wako nisiusikie. Mitwero nzima inaujua. Ukija unanguruma usisimame kwangu, pitiliza hadi Mtwara."

Haki anayo. Pikipiki yangu mnaijua: kubwa, ya safari za mbali, na aliyeniuzia alishang'oa kila kitu kilichokuwa ndani ya ekzosi ili ingurume. Mwaka juzi nilikwenda nayo Mitwero kwenye hitima. Nilipoiwasha baada ya dua, mbuzi wa jirani alikata kamba na shehe akashika kifua. Mpaka leo watoto wa kule wakikataa kulala wanatishiwa kwa jina langu.

Mtasema, si ungepanda basi? Nilishaapa mbele yenu kwamba tangu ninunue pikipiki ile sitapanda basi tena. Mlikuwepo wote, na mlicheka. Nisingekubali kuwapa raha hiyo.

Jambo jingine: Mzee Chande aliwakataza Shabani na Somoe wasipigiane simu mpaka jibu litoke. Ndio utaratibu wa nyumba yake. Shabani alitii, akaanza kukonda.

Dawa nilipewa na Rajabu, fundi wangu wa hapa Mbagala. Kuna vibomba vya kuchomeka ndani ya ekzosi, vina matundu matundu, unakaza skrubu moja na vinameza sauti. Kinavyozidi kuwa kirefu na chembamba ndivyo kinavyomeza zaidi, na ndivyo injini inavyokosa pumzi. Rajabu alikuwa navyo vitatu: kifupi, cha kati na kirefu. Akanipa vyote nivijaribu njiani, nichague kimoja, nimrudishie viwili.

"Ila usijisikilizie mwenyewe," akanionya. "Ukiwa juu yake na helmeti kichwani, unasikia upepo tu. Tafuta mtu asimame nyuma akusikilizie."

Balaa lilianzia hapo, maana kila mtu ana masikio yake.

Mbagala hadi Somanga

Nilitoka Ijumaa alfajiri na kile kifupi, kwa sababu mimi ni mtu wa kuihurumia injini. Kibiti nikapita, Ikwiriri nikapita, nikavuka daraja la Rufiji, na njia nzima niliona watu wakigeuka kunitazama. Nikajua wanashangazwa na utulivu wangu. Nilijisikia mstaarabu mno, nikawa hata nawapungia mkono.

Somanga nilisimama kula. Pale pembeni ya kituo kuna mama anakaanga changu, na harufu yake inakukamata kabla hujazima injini.

"Karibu baba, hawa wa leo, bado wanakutazama," akanikaribisha.

Nikamwambia, "Mama, kabla sijala nisaidie jambo moja. Nitawasha pikipiki, wewe sikiliza tu, uniambie kama ina kelele."

Akanikagua kuanzia viatu hadi helmeti. "Ndiyo kazi yako hiyo?"

"Kwa leo, ndiyo."

Nikawasha, nikapiga resi kidogo, nikamtazama. Akageuza samaki kwenye kikaango bila haraka. "Hiyo mbona haina kelele! Wewe mwenyewe una kelele kuishinda."

Nilifurahi hadi nikaagiza changu wa pili. Nikamla na ndimu na pilipili, huku nikitunga kichwani hotuba nitakayompa Mzee Chande. Nilipokuwa nanyonya kichwa cha samaki, mashine ya kusaga iliyokuwa nyuma ya kibanda ikazimwa. Nawaapia sikujua kama ipo. Ule mvumo wote nilidhani ni uchovu wa safari masikioni mwangu.

Kimya kikatanda kituo kizima. Mama akaniinamia akapiga ukelele uliowafanya abiria wa basi wageuke: "NIKUONGEZE NDIMU?"

Ndipo nikaelewa nimempa kazi ya kusikiliza mtu anayeshindana na mashine tangu asubuhi hadi jioni. Nikainuka na vidole vyangu vya mafuta, nikawasha tena. Kuku wakatawanyika. Mama akaziba sikio kwa mkono wenye kijiko. "Ee baba, zima! Hii si ileile ya mwanzo!"

Ilikuwa ileile.

Tingi

Safari hii nikaamua kufanya kitaalamu. Nilipofika Tingi nilisimama chini ya kivuli kando ya barabara, nikasubiri ekzosi ipoe, nikatoa kifupi nikafunga cha kati. Kisha nikakumbuka jinsi nyumba ya Mzee Chande ilivyo karibu na ya jirani, nikaanza kuupima umbali ule kwa hatua kandokando ya barabara. Nikachomeka kijiti mwanzo, nikachomeka kijiti mwisho, nikarudi nyuma kutazama kama vimenyooka.

Nilipoinua kichwa nikakuta watu wanane wamesimama, na wengine wanakuja kutoka majumbani. Mbele yao bibi mmoja kajifunga kanga kiunoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Sasa huu mnazi wangu nao uuandike. Wenzenu walipita mwaka ule wakauruka."

"Mnazi upi, bibi?"

"Huu hapa. Unazaa. Usiuone umeinama."

Nikaelewa wamenidhania mpima barabara, wale wanaopita kuandika miti na nyumba kabla njia haijapanuliwa ili wenyewe walipwe fidia. Nikavua helmeti nikajieleza: mimi ni mpita njia tu, ninakwenda Lindi, ninajaribu ekzosi.

"Na wale walisema wapita njia tu," akajibu bibi. "Mpaka tingatinga likaja."

Mwanamume mmoja akaja na mabati matatu kichwani, akayaegemeza upesi kwenye kibanda chake kisichokuwa na paa ili kionekane nyumba. Mwingine akanikatia dafu. Kadiri nilivyokana ndivyo heshima ilivyozidi, maana kwao mpima anayekana ndiye hasa mwenye mamlaka. Mwishowe nikasema potelea mbali, watu ninao, kwa nini wasinisikilizie? Nikawapanga kwenye kijiti cha pili, nikaenda kwenye kijiti cha kwanza, nikawasha, nikapita mbele yao polepole.

"Mnasikia?"

"Haisikiki!" wakajibu wote kwa pamoja.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mheshimiwa!"

Bibi akanisogelea akanishika mkono. "Haisikiki kabisa mwanangu. Sasa andika mnazi."

Mashahidi wa namna hiyo hawamfai mtu. Ili niruhusiwe kuondoka nililazimika kuutazama ule mnazi kwa makini, kuuzunguka, na kutikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Sikuandika kitu. Lakini niliondoka na madafu mawili kwenye boksi la nyuma, na roho ilinisuta hadi Nangurukuru.

Kilwa Masoko

Shabani nilimkuta mlangoni. Alinikumbatia, akaweka wali wa nazi na pweza wa kukaanga, na yeye mwenyewe hakula. Nilipomuuliza kama ni mgonjwa aliisukuma sahani pembeni.

"Kaka, ikivunjika hii, mimi nitaishi tu," alisema. "Lakini yeye? Mara ya tatu? Hatatoka tena nje yule. Fanya kila atakachosema mzee."

Mimi si mtu wa machozi, mnanijua, ila pale pilipili ilinisaidia kupata kisingizio. Nikanawa mikono, tukaenda na pikipiki hadi kwa Bwana Murtaza. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi lililoanzishwa na babu yake, na hakuna tatizo Kilwa Masoko ambalo hana maoni juu yake. Tulimweleza shida yetu. Akaacha wateja wawili wa misumari kaunta akatoka nje.

"Kipimo ninacho," akasema, akionyesha dirisha la ghorofani. "Mama yangu amelala juu. Kila alasiri analala. Ukimwamsha, umefeli."

Nikawasha na kile cha kati. Dirisha likafunguka kwa kishindo.

"Murtaza! Nani anasaga kokoto?"

Ekzosi ilipopoa nikatoa cha kati nikafunga kirefu. Nikawasha tena, taratibu, nimebana pumzi.

"Murtaza! Mwambie huyo bodaboda aondoke hapo!"

Bodaboda! Pikipiki inayovuka mikoa! Nilitaka kujibu, Shabani akanifinya. Bwana Murtaza akafikiri, akaingia dukani, akarudi na paketi nzima ya stilwaya, zile za kusugulia sufuria.

"Tunakizungushia hiki kirefu," akasema. "Sauti ikitaka kutoka inakwama humu."

"Haitaungua?"

"Bwana Mussa, hiki ni chuma. Chuma kinaungua?"

Tukazungushia, tukasokomeza, tukakaza skrubu. Nikawasha. Ilikuwa inakoroma kwa mbali, kistaarabu kabisa. Tukatazama dirisha. Kimya. Nikapiga resi. Kimya. Bwana Murtaza akanyanyua mikono juu, Shabani akanirukia shingoni, wateja wa misumari nao wakapiga makofi.

Tukiwa katika kupongezana hivyo, mama yake Murtaza akatokea kwenye kona ya barabara, amebeba sahani ya visheti iliyofunikwa kitambaa.

"Mnacheka nini?"

"Mama! Si umelala juu?"

"Nilale na kelele zile? Nimetokea mlango wa nyuma, nimekwenda zangu kwa jirani."

Tulitazamana. Jua lilikuwa linazama na duka linafungwa, kwa hiyo tukakubaliana kuamini kwamba hata kama angekuwepo asingeamka. Alitupa visheti, na vilikuwa vitamu.

Kiranjeranje

Jumamosi asubuhi niliondoka mapema. Kanzu niliikunja vizuri kwenye boksi la nyuma, pamoja na barua ya posa iliyofungwa kwenye kitambaa cha hariri. Mpaka Nangurukuru, kisha nikakamata njia ya Lindi.

Niwaambie ukweli, sijawahi kuendesha hivyo. Nilisikia ndege. Nilisikia matairi yakipita kwenye lami, nikasikia wanawake wawili wakisalimiana barabarani, na mmoja anaumwa mgongo. Nilikuwa na raha ya ajabu. Tatizo lilikuwa moja: kila kilima injini ilihema, na mimi ili isife nikawa navuta mafuta kwa nguvu zote.

Nilipoingia maeneo ya Kiranjeranje ulikuwa msimu wa kuvuna ufuta. Mashamba pande zote yamejaa matita ya ufuta yaliyosimamishwa yakauke. Watu wakaanza kunipungia. Mwanzo mmoja, halafu familia nzima, halafu shamba zima linaruka na kupunga majembe. Nikajisemea, watu wa huku ni wakarimu kweli. Nikawapungia nami. Mama mmoja alikimbia sambamba na barabara akipunga kanga juu, nikaona nisimvunje moyo, nikampigia na honi.

Kisha bodaboda akanifikia ubavuni, na abiria wake wa nyuma ameshika kichwa.

"Mzee! Nyuma unawaka!"

Nikatazama kwenye kioo. Ekzosi yangu ilikuwa inatema cheche kama gurudumu la kunolea visu. Ile stilwaya ilikuwa imepata moto, ikawa inatoka vipande vipande vyekundu, na kila kipande kinaelekea kwenye ufuta mkavu wa watu.

Jinsi nilivyosimama sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba yule mama wa kanga alikuwa wa kwanza kufika, na nyuma yake binti zake wawili na ndoo. Wakamwaga ndoo ya kwanza kwenye ekzosi, mvuke ukapanda. Wakamwaga ya pili kwenye boksi, kwa kuwa nalo lilianza kufuka kwa chini. Ndipo harufu iliponipata. Maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya kulowekea muhogo, siku yake ya tatu au ya nne. Wenye kujua harufu hiyo wamekwisha kunionea huruma. Wasiojua, Mungu awaepushe.

"Ufuta wangu wa mwaka mzima ule pale!" mama alifoka, pumzi juu. "Watoto wangu wote wanasubiri ule! Nakupigia kelele, na wewe unanipungia mkono! Unanipigia honi!"

Nilichoweza ni kusema nisamehe mama, nisamehe mama. Bahati hakuna tita lililoshika. Alipozunguka shamba lake akahakikisha, alirudi ametulia kidogo, akauliza mwanamume mzima ametia nini kwenye pikipiki. Nikamsimulia yote, kuanzia Mzee Chande. Alisikiliza hadi mwisho, midomo inamcheza.

"Kwa hiyo umefunga stilwaya ili usisikike?"

"Ndiyo mama."

"Sasa si ungekwenda polepole tu?"

Binti zake walikaa chini kwa kucheka. Mimi nilitazama ile pikipiki niliyoikokota kutoka Mbagala na vibomba vyake vitatu, nikajifanya naangalia kama ekzosi imepoa.

Ilibidi ekzosi ipoe ndipo nichokonoe mabaki ya stilwaya kwa waya, na ilichukua muda mrefu kupoa. Wakati nasubiri walileta ugali wa muhogo na kisamvu. Saa ya miadi ilikuwa imepita, lakini mtu uliyekaribia kumchomea shamba akikukaribisha chakula, unakula. Nikampigia Mzee Chande.

"Mzee, nimepata dharura ndogo njiani, nitachelewa."

"Wewe njoo tu," akanong'ona, kana kwamba majirani wamo ndani ya simu. "Kimya kimya."

Mitwero

Nilikwenda polepole. Kilikuwa kibomba kirefu peke yake, bila stilwaya, na mkono mwepesi kwenye mafuta. Nilipopita Mchinga nilisimama nikavaa kanzu. Barua ilikuwa salama, maji yaliishia kwenye kanzu. Kanzu ilikuwa imekauka nilipoianika kule shambani, ila harufu ya muhogo ilikuwa bado imo.

Mitwero niliingia adhuhuri imeshapita, na nilivyoingia najivunia mpaka leo. Kuku aliyelala njiani sikumwamsha, nilimzunguka. Pale bombani wanawake walikuwa wanachota maji na hakuna aliyegeuka. Nikafika kwa Mzee Chande, nikazima, nikapiga hodi. Nikapiga ya pili. Nilipopiga ya tatu nilichungulia barazani, nikamkuta mzee amelala kwenye kitanda cha kamba, yuko na fulana na msuli, mdomo wazi.

"Shikamoo mzee."

Aliruka karibu aanguke. "Marahaba! Umefikaje?"

"Kwa pikipiki."

"Ipi?"

Nikamwonyesha. Alivaa makobazi, akaenda kuigusa ekzosi kwa ncha ya kidole, ikamuunguza, ndipo akaamini. "Hapo umefanya, mwanangu," akasema, na furaha yake ilinitoa uchovu wote. Kisha akanusa hewa, akaita kuelekea uani, "Mama Somoe! Ule muhogo si umeharibika?"

Alivaa kanzu, tukakaa kwenye mkeka. Nilisema maneno yangu yote kama yanavyotakiwa, kwamba tumekuja kuomba udugu, na nikatoa barua kwa mikono miwili. Aliipokea akaiweka kifuani.

"Mimi sina neno," alisema. "Shabani namjua, ni mtu wa kazi. Lakini Somoe si mwari. Mwari akiulizwa akanyamaza tunasema amekubali. Aliyewahi kuolewa lazima atamke kwa kinywa chake, na wewe mshenga usikie." Akaita, "Somoe!"

Hakuna jibu. Akaita tena. Akatoka mkewe kutoka uani, anafuta mikono, akanitazama mimi, akatazama barua, akashika kichwa.

"Mmekuja?"

"Tumekuja mama, shikamoo."

"Marahaba. Ee Mola wangu. Somoe ametoka."

"Ametoka kwenda wapi na siku yenyewe ni leo?" mzee akahamaki.

"Shamba. Tangu asubuhi alikuwa ameoga, amevaa kanga mpya, amekaa pale dirishani anasikilizia pikipiki. Kila gari likipita anainuka. Ilipoadhiniwa adhuhuri akavua zile kanga akavaa za shamba. Akaniambia, 'Mama, na hawa nao wameghairi.' Akachukua jembe."

"Si angengoja! Huyu alipiga simu kwamba atachelewa."

"Alimpigia nani?"

"Mimi."

"Na wewe ulimwambia nani?"

Mzee Chande aliinama akaanza kunyoosha pindo la mkeka.

"Na kwamba pikipiki haitasikika?" akauliza mkewe. "Hilo ulimwambia nani?"

Nilitamani kuingia chini ya mkeka. Safari nzima nilidhani ninamkinga yule mwanamke na maneno ya watu, kumbe saa hizo zote alikuwa peke yake dirishani akihesabu kwamba ameachwa kwa mara ya tatu. Simu yake ilikuwa juu ya kabati, ameizima. Mzee Chande alisimama, akakamata kofia yake.

"Washa," akaniambia.

Mashambani

Mzee Chande hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake. Alinikumbatia kiuno kwa mikono miwili, akalaza shavu mgongoni mwangu, na kanzu zetu zote zikapeperuka upande mmoja. Kelele hatukuwa nazo hata kidogo. Lakini mshenga wa kanzu amembeba baba wa binti, mchana kweupe, hata kipofu angetuona. Wanawake wa bombani waliacha ndoo zinafurika.

"Mzee Chande! Kulikoni?"

"Nakwenda shamba!" akajibu mzee, akiwa amefumba macho.

"Na kanzu?"

"Nakwenda shamba!"

Walianza kutufuata kwa miguu. Siri niliyoibeba kutoka Mbagala, ambayo nusura igharimu ufuta wa Kiranjeranje, iliishia palepale.

Somoe tulimkuta kwenye mikorosho yao. Alikuwa ametupa mgongo anapalilia, na alivyolishusha jembe niliionea huruma ardhi. Nilizima injini hatua chache tu kutoka kwake, na hakusikia. Ilibidi baba mtu apige hodi katikati ya shamba lake mwenyewe.

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu, na hakuyaficha. Alimtazama baba yake anayeshuka kwenye pikipiki kwa shida, akanitazama mimi, akaitazama pikipiki.

"Shikamoo kaka Mussa."

"Marahaba, dada."

"Mmekuja na hii?"

"Ndiyo."

"Mbona sikusikia?"

Nilimwachia mzee ajibu. Alizungusha kofia yake mikononi. "Nilimkataza mimi," akasema. "Nilitaka watu wasikuseme."

"Baba, watu wamenisema miaka yote hii, nimezoea," alisema Somoe, na sauti ilimkatika hapo. "Leo ndiyo sikuzoea. Nimekaa dirishani tangu asubuhi, hakuna wa kuniambia neno."

Katika mashamba ya jirani watu walikuwa wameegemea majembe, na wale wa bombani walishafika, wamesimama nyuma yetu wanahema. Nilidhani mzee atasema turudi nyumbani tukazungumzie ndani. Badala yake alivaa kofia akainyoosha, akasimama wima mbele ya bintiye, akapaza sauti asikike hadi mkorosho wa mwisho.

"Somoe binti yangu! Shabani wa Kilwa ameleta posa kwako. Mshenga wake huyu hapa. Unasemaje?"

Somoe alifuta uso kwa pindo la kanga. Jembe hakuliachia.

"Nimekubali."

Vigelegele vilianzia kwa wale wa bombani, vikadakwa shamba la pili, na mimi nikajikuta nalia bila hata pilipili ya kusingizia. Somoe alisubiri vipungue, akanigeukia.

"Na wewe, shemeji," akasema, na neno hilo alilitia mkazo, "siku mnakuja kunichukua, njooni nisikie. Mkiwa bado huko Mchinga, mimi huku niwe nimeshasikia."

Mzee Chande aliinama akaitafuta ile skrubu ya kibomba kwenye ekzosi, kisha akaniuliza kama bisibisi nimekuja nayo.